Ratili Kumi na Moja za Sukari

Trekta lilimaliza ekari kumi na nane za Naftali kwa siku tatu, na siku zote tatu Naftali hakushika jembe. Alilifuata nyuma amevaa viatu vya kanisani, mikono mgongoni, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Watu wa kijiji chao, mwendo wa saa moja kutoka Kinyangiri, walikuja kutazama. Walisimama pembeni mwa shamba kimya, na kila aliyesimama Naftali alimfuata akamrudia maneno ya bwana shamba: kwamba ziko nchi ambako mkulima mmoja na mashine yake analisha nyumba arobaini, na huku kwetu nyumba nzima inalima na bado haijilishi yenyewe. Tofauti yao na sisi ni mashine tu, alisema, wala hakuna jingine.

Bwana shamba huyo aliitwa Gabrieli, kijana wa chuo mwenye baiskeli na kofia ya jua. Maneno hayo aliyasema mkutanoni mwezi wa nane, mwaka wa pili tangu Azimio, wakati kila mgeni aliyefika kijijini alikuwa na hotuba mfukoni. Wengine walimpigia makofi ya adabu. Naftali alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Wiki iliyofuata aliswaga madume yake mawili ya ng'ombe hadi mnadani ili alipie trekta la ushirika, na kati ya magunia matano ya uwele yaliyokuwamo kwenye kihenge, manne akayabadilisha kwa mbegu ya mahindi. Likabaki gunia moja la kuwafikisha mavuno, yeye, mkewe Raheli na binti yao Damari.

Raheli hakuwa mwanamke wa kelele. Alimwambia mara moja tu, akiwa anapepeta, kwamba wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Naftali akamjibu kwamba wazee hao hawakuwahi kuona trekta, na hapo mazungumzo yakaisha.

Lakini trekta halipiti penye visiki, na ekari kumi na nne kati ya zile kumi na nane zilikuwa pori hadi mwaka ule. Visiki havikung'oka vyenyewe. Vilitolewa na ujima. Nyumba kumi na mbili za kijiji kile zilikuwa zimeungana tangu enzi za baba zao: leo wote wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu izunguke, na mwenye shamba anatoa togwa kwa watu wa dini na pombe kwa wasiojali. Aliyeshika zamu alikuwa Bibi Stumai, mjane mwenye mguu mbovu. Darasa hakuliona hata kwa dirishani, lakini hakuna aliyewahi kumdhulumu siku. Kiangazi kile alimpa Naftali siku tano za visiki, ambazo hakuna nyumba iliyowahi kupewa, kwa sababu Naftali aliomba sana. Mvua zilipoanza, zamu zikawa za wengine. Wenzake kumi na mmoja walimtarajia, jembe begani.

Hakwenda. Alikwenda Kinyangiri dukani, akarudi na vifurushi kumi na kimoja vya karatasi ya kaki, kila kimoja ratili moja ya sukari.

Alivipanga mezani akamweleza mkewe hesabu yake, na kwa kweli ilikuwa hesabu safi. Trekta linalima ekari sita kwa siku. Yeye akienda na jembe kwa Yohana atalima kipande gani? Kama mkeka. Sasa mtu mwenye ekari kumi na nane apoteze siku kumi na moja kwa ajili ya mikeka kumi na mmoja? Heri awape kitu cha thamani, kitu ambacho wenyewe wanakipata Krismasi na Idi. Raheli aliuliza kama haingekuwa bora yeye aende na jembe kwa niaba ya nyumba. Naftali akasema wao sasa si watu wa kuhesabiwa kwa majembe. Kisha akamfundisha maneno ya kusema, ili asiharibu.

"Sema hivi: Baba Damari anasalimu. Leo amebanwa. Pokeeni hii ya chai."

Kwa siku kumi na moja Raheli alifuata zamu, nyumba hadi nyumba, kapu kichwani. Kila alipofika aliwakuta watu shambani wameinama, na kila alipofika ilibidi mwenye nyumba ainuke, apanguse mikono, apokee. Walipokea kwa mikono miwili. Wakasema ahsante, msalimie. Dorkas, mke wa Yohana, ambaye Raheli alikua naye na kubatizwa naye siku moja, alipokea bila kumtazama usoni. Kwa Bibi Stumai, Raheli alipiga goti, akaamkia, akayasema yale maneno akiwa anatazama ule mguu mbovu. Bibi akasema marahaba, akakipima kile kifurushi kiganjani, akasema, "Haya, mwanangu." Siku hiyo Raheli alirudi nyumbani na kapu tupu lililomwelemea kuliko lilipokuwa na kitu.

Zamu zilipokwisha, Naftali aliuliza wamesemaje. Alipoambiwa hawakusema kitu, alifurahi. Watu wa kwetu hawagombani na mtu anayewapa kitu. Wanakiweka tu.

*

Magugu hayakuhudhuria mkutano wa bwana shamba. Mwezi wa kwanza mvua ilinyesha vizuri kuliko miaka mingi, mahindi yakatoka mistari mirefu ya kijani iliyomfanya Naftali alete wageni kuitazama, na wiki moja baadaye kati ya mistari ile yakatoka mengine. Ardhi ilikuwa mpya, imefunguliwa na trekta kwa mahindi na kwa magugu bila upendeleo. Kufikia wiki ya tatu ilikuwa lazima uiname na kupekua ndipo uone hindi liko wapi.

Alimtafuta dereva wa trekta. Alikuwa amehamia upande wa Manyoni, na ujumbe uliorudi kwa mdomo wa mwenye lori ulisema kwamba dereva amecheka, amesema trekta likipita mle halichagui, litalala na mahindi na magugu pamoja. Kupalilia ni jembe la mkono.

Basi majembe yakashuka darini. Yalikuwa matatu, na watu watatu. Waliingia shambani alfajiri na kutoka jua likizama, na baada ya siku nane walikuwa wamesafisha ekari moja na kipande, tena pale walipoanzia magugu yalikuwa yameshaanza kurudi. Mikono ya Naftali, iliyopumzika msimu mzima, ilichubuka siku ya kwanza na kutoa maji siku ya pili. Alifanya tena hesabu, safari hii kimya kimya, na hesabu ikamwambia kwamba wangemaliza shamba lile mwezi wa tano. Mahindi yasiyopaliliwa hayangoji mwezi wa tano. Katika wiki mbili tatu tu yangekuwa manjano, na kihengeni lilibaki gunia moja ambalo nalo lilikuwa limeshafunguliwa.

Siku ya tisa alivaa shati safi akaenda kwa Bibi Stumai. Alimkuta anachambua mbegu za maboga. Alimwamkia, akazungumza kwanza habari za mvua, kisha za mguu, kisha akasema kwamba anaomba siku ya ujima, Alhamisi, na kwamba togwa itakuwa nyingi.

Bibi hakuacha kuchambua. "Alhamisi," alisema. "Tumesikia."

Naftali alitoka pale mwepesi. Alipomweleza mkewe, Raheli alitua ndoo chini akamwuliza Bibi alisema nini hasa, neno kwa neno. Naftali akarudia. Raheli akauliza kama alisema watakuja. Naftali akamwambia aache kutafuta chawa kwenye upara, aanze kuotesha kimea.

Ilitumika nusu ya gunia. Raheli alipika mitungi sita ya togwa, na kwa kuwa nusu ya ujima haikuwa watu wa togwa, shemeji yake wa kijiji cha pili akaleta mitungi miwili ya pombe, wakaificha nyuma ya tembe mwinjilisti asiione. Jumatano jioni Naftali mwenyewe alifagia uwanja. Alikata mipini miwili mipya, kwa ajili ya mtu ambaye jembe lake lingevunjika kazini.

*

Alhamisi kulipambazuka bila wingu. Siku ya ujima watu hufika giza bado halijatoka vizuri, unawasikia kabla hujawaona, majembe yakigongana mabegani. Naftali alisimama uwanjani akisikiliza. Alisikia jogoo. Jua lilitoka, likapanda kwa urefu wa mtu, na hakuja mtu.

Wa kwanza kuja alikuwa Dorkas, naye hakuwa na jembe. Alikuwa amevaa khanga mbili kama anayekwenda kutoa pole, na mikononi alishika kifurushi cha karatasi ya kaki. Alimpita Naftali kwa salamu, akaenda moja kwa moja kwa Raheli aliyesimama mlangoni.

"Baba watoto anasalimu," alisema. "Leo amebanwa. Pokeeni hii ya chai."

Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alipokwisha kusema alisimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akageuka akaenda. Raheli alipokea kwa mikono miwili. Afanye nini kingine?

Wa pili alikuja kabla Dorkas hajafika njia panda. Halafu wa tatu. Walikuja mmoja mmoja, wake za watu, wamenawa na kujifunga vizuri, kila mmoja na ratili yake, na kila mmoja na maneno yale yale, nyumba hadi nyumba: anasalimu, amebanwa, ya chai. Baadhi walikuwa wameitunza sukari ile ile tangu mwezi wa kumi na mbili. Wengine, waliokuwa wameshainywa, walikwenda kununua nyingine, na mwenye duka pale Kinyangiri aliuliza kuna arusi gani inayokuja. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyetukana. Wangetukana, Naftali angejua la kujibu. Alibaki pale kwenye uwanja alioufagia, karibu na mipini miwili mipya, na alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imejaa magugu.

Wa kumi na moja alikuwa Bibi Stumai. Walimwona tangu mbali, kwa jinsi anavyochechemea, na ilimchukua muda mrefu kufika. Raheli alikimbia kumletea kigoda. Bibi akakataa kukaa. Kifurushi chake kilikuwa na fundo lile lile la kamba ya katani alilolifunga mwenye duka, halijaguswa, na kona moja ilikuwa imetoboka kwa sisimizi.

"Mimi sina mtu wa kumtuma," alimwambia Naftali, "wala sina senti ya kununua nyingine. Hii ni ile yako."

Naftali alinyoosha mkono. Aligundua kwamba ameunyoosha mmoja, akaongeza wa pili.

"Bibi," alisema, "mahindi yanakufa."

"Nimeyaona. Nimepita hapo." Bibi alipumua, maana alikuwa amechoka. "Sisi hatunywi chai kila siku, mwanangu. Kulima ndiko kwa kila siku. Ulipoleta sukari nilidhani umekufa mkono. Nikauliza, nikaambiwa mzima. Basi nikaiweka."

Akaomba maji. Raheli akamletea kata ya togwa. Bibi aliitazama, akairudisha taratibu, akasema hajafanya kazi hapa. Aliomba maji tu. Alikunywa maji, akashika njia.

*

Vifurushi kumi na kimoja vilirudi kukaa juu ya meza ile ile. Naftali alikaa mbele ya meza mpaka jua likawa utosini. Togwa ilianza kuchachuka mitungini, na nyuma ya tembe shemeji yake alikuwa anatafuta punda wa kurudisha pombe yake. Nusu gunia la uwele, chakula cha mwezi na zaidi, lilikuwa limekwenda kwa watu ambao hawakuja.

Alimwambia Raheli kwamba watu wa kijiji hiki wana roho mbaya. Wanaona wivu. Wao wanataka wote tubaki na majembe mpaka kiama, halafu tunashangaa nchi zingine zinatuacha. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia sauti yake inavyopwaya. Raheli alimwacha amalize.

"Yale maneno," alisema, "niliyabeba mimi. Nyumba kumi na moja. Wewe ulikuwa hapa. Aibu hii mimi niliiona mwezi wa kumi na mbili, Baba Damari. Wewe imekufikia leo."

Naftali alivitazama vile vifurushi. Kwa mara ya kwanza alijaribu kuiona safari ile: mkewe na kapu, anapiga goti mbele ya mjane kilema aliyewapa siku tano, anamwambia mumewe amebanwa. Hakuwa amebanwa. Siku ile, alikumbuka, alikuwa amekaa chini ya kivuli cha trekta akimwuliza dereva majina ya vyuma vyake. Aliinuka, akaenda kuliangalia jembe lake, akaona mpini umelegea, akaukaza kwa kipande cha ngozi.

Kesho yake palizi ilikuwa kwa Bibi Stumai. Naftali alifika giza halijatoka, kabla ya mwenye shamba mwenyewe kuamka. Kwenye ujima anayejua kazi hushika mstari wa katikati, na wageni wa kazi na wagonjwa hushika wa pembeni. Alikwenda akasimama mstari wa mwisho kabisa, kando ya mtaro. Watu walipofika walimwamkia kama kawaida, na hakuna aliyemwuliza kitu. Yohana aligawa mistari. Alipofika kwake alisita kidogo, akapita, akamwachia ule ule alioushika.

Alilima siku nzima bila kuinua mgongo zaidi ya mara tano. Malengelenge yalipasuka tena. Togwa ilipozungushwa, kata ilimfikia ya mwisho, akainywa hadi tone. Jioni, watu walipokuwa wanafuta majembe kwa majani, alimwendea Bibi akauliza, kwa sauti ambayo alitaka isisikike, kwamba sasa zamu yake itakuwa lini.

"Ya kumi na mbili," alisema Bibi. "Wewe ndiye wa mwisho kuja."

Siku kumi zaidi, basi, ndipo wafike kwake. Alitaka kumwomba apandishwe. Alikumbuka kwamba safari iliyopita alipoomba sana alipewa, na akafunga mdomo.

*

Siku ya saba walikuwa kwa Yohana, ambaye shamba lake limepakana na la Naftali. Kila siku alipita kando ya mahindi yake akienda kupalilia ya wenzake, na alijizoesha kutazama upande mwingine, lakini kwa Yohana hapakuwa na upande mwingine. Ekari kumi na nne zile zilikuwa mbele ya macho yake siku nzima. Mahindi yalikuwa yameshabadilika rangi. Zile nne za zamani, karibu na tembe, Raheli na Damari walikuwa wanahangaika nazo, na ndizo peke yake zilizokuwa bado na uhai.

Ndipo ilipokuja gari ya serikali ikiinua vumbi. Alishuka bwana shamba Gabrieli na kofia yake, na nyuma yake wageni wawili, mmoja na kamera shingoni. Waliingia kwenye shamba la Naftali. Wakasimama. Kutoka kwenye mistari watu waliona mgeni mwenye kamera akimwuliza kitu Gabrieli, na Gabrieli akitazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Halafu akaja peke yake mpaka mpakani.

"Habari za kazi," alisema. "Mwenye shamba lile yuko wapi? Yule bwana wa trekta."

Naftali alikuwa mstari wa mwisho, ameinama, kofia ya ukindu imemfunika. Angeweza kubaki hivyo. Majembe yaliendelea, na hakuna aliyemgeukia, hata kwa jicho. Kisha alimsikia Yohana akijibu, bila kuinuka, kwamba mwenye shamba ametoka tangu alfajiri, yuko kazini.

Alijua wanamsitiri. Watu kumi na mmoja aliowalipa sukari walikuwa wanamfunika kwa migongo yao, na kusitiriwa huko kulimuuma kuliko vile vifurushi. Akainuka, akavua kofia.

"Ni mimi," alisema.

Gabrieli alimtazama kutoka miguu peku hadi kichwani, akashindwa aanzie wapi. Aliuliza kulikoni. Naftali akasema ameshindwa palizi. Aliyasema hayo kwa sauti, kila mtu akasikia, na baada ya kuyasema aliona hayakumwua.

"Nami nina swali, bwana shamba," aliongeza. "Zile nchi ulizotuambia. Yule mtu mmoja anayelisha nyumba arobaini. Yeye palizi anaifanyaje?"

"Wana mashine nyingine ya kupalilia," alisema Gabrieli. "Na dawa ya magugu. Na ya kuvuna iko. Na fundi yuko karibu, na barabara."

"Hukusema."

"Hukuuliza. Wewe ulikuwa unapiga makofi." Halafu Gabrieli alijutia neno hilo, akashusha sauti, na alipoongea tena alikuwa kijana tu wa watu. "Mzee, mimi mwenyewe hiyo mashine ya kupalilia nimeiona kwenye picha. Chuoni tulionyeshwa picha."

Gabrieli alitoa daftari lake mfukoni, akaandika kitu, na Naftali akauliza ameandika nini.

"Kwamba hapa trekta limelima ekari kumi na nane," alisema Gabrieli. "Fomu inauliza zilizolimwa. Hilo si uongo."

Akarudi kwa wageni wake. Aliwapeleka kwenye zile ekari nne karibu na tembe, mwenye kamera akapiga picha moja, gari ikaondoka. Naftali alivaa kofia, akainama kwenye mstari wake. Alikuwa amebaki nyuma kwa hatua kama ishirini. Alipotazama tena, mtu wa mstari wa jirani alikuwa anampunguzia, jembe moja kwake, jembe moja kwa Naftali.

*

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Alhamisi. Siku moja kabla yake Raheli alikung'uta gunia, akapata uwele usiojaza hata debe. Hakukuwa na wa kuotesha kimea, wala siku za kuungoja. Pombe haikufikiriwa kabisa. Naftali alisema kwa shida kwamba labda wawaambie watu wasije, maana utamwalikaje mtu kwenye jembe uwanja ukiwa mkavu.

"Nitapika uji," alisema Raheli. "Utakuwa mwembamba. Sukari ipo."

Walitazamana, na Naftali ndiye aliyeteremsha macho.

Aliwasikia kabla hajawaona. Majembe yaligongana gizani, mtu akakohoa, kisha wakatokea, thelathini na zaidi, mume na mke na watoto wakubwa wa kila nyumba, na Bibi Stumai nyuma yao na fimbo. Dorkas alikuwa na jembe. Walisimama mpakani mwa shamba, mahali watu waliposimama kutazama trekta, na kulikuwa kumeshapambazuka, shamba lote likaonekana.

Yohana alitema mate viganjani. "Tuanzie wapi?" aliuliza.

Hakuna siku ambayo Naftali alilemewa na mkono wake mwenyewe kama ile. Aliunyanyua, akaupitisha juu ya ekari kumi na nne zilizong'olewa visiki na watu hawa hawa, kwa siku tano, kiangazi, mikono mitupu. Hakuzionyesha hizo. Alionyesha upande wa tembe.

"Zile nne," alisema. "Za zamani. Hizi nyingine zimekwenda. Nimewapotezea bure nguvu zenu."

Walishika mistari. Kufikia alasiri ekari nne zilikuwa safi, udongo mweusi umepandishwa kwenye shina la kila hindi, na kila mtu aliyejua kilimo aliona kwamba nyumba ile italala njaa kiasi, haitakufa. Wakaja uwanjani, wakakaa.

Raheli alitoa chungu cha uji. Ulikuwa mwembamba kama maji ya kuoshea mchele, na alikuwa ameutia ratili zote kumi na moja. Kata ilianzia kwa Bibi Stumai. Alionja, akanywa hadi mwisho. Ikaenda kwa Yohana, ikaenda kwa Dorkas, ikazunguka. Watoto walifurahi, wakaomba tena. Wakubwa walikunywa wakitazama chini, kila mmoja sehemu yake.

Mwenye shamba hunywa wa mwisho. Kata ilipomfikia Naftali ilikuwa imejaa tope la sukari lililobaki chini ya chungu. Aliishika kwa mikono miwili. Ilimkaba kooni, macho yakamtoka maji, na watu wote wa nyumba kumi na moja walimtazama, wakangoja, mpaka alipoimeza yote.